Stuli ya Kaunta ya Hariri

Nilichokiona kwanza ni vidole vya mama. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Agosti. Nilikuwa nimechuchumaa mlangoni nikichora maua ya unga wa mchele, kama nilivyofanya kila siku kabla ya kwenda shule, mama akapita na ndoo. Mguu wake ulikanyaga karibu na mkono wangu. Kidole cha pili kilikuwa kitupu. Mahali pa pete ya fedha palibaki mstari mweupe uliozama. Nikatazama mguu wa pili, nao ulikuwa mtupu vilevile.

Kwetu Tirunelveli, kusini mwa India, mwanamke huvikwa pete hizo siku ya harusi, na havui maadamu mumewe yu hai. Baba alikuwa hai kabisa. Alikuwa safarini na lori lake la chumvi, na jana yake alikuwa amepiga simu kuuliza kama kikohozi changu kimepona. Niliogopa, lakini sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Nikainamia maua yangu.

Mama alijua nimeona. Alitua ndoo, akanionyesha fundo dogo kwenye pindo la sari yake, ambamo alikuwa amezifunga pete zake. "Zimenibana," alisema. "Na wewe usiwape watu la kusema."

Pete hazikuwa zimebadilika. Miguu ndiyo iliyovimba. Mama aliuza vitambaa vya pamba katika duka kubwa la nguo karibu na njia panda, duka lenye ghorofa nne na taa nyingi hata mchana. Wauzaji wake wote walikuwa wanawake, na wote walisimama tangu duka linafunguliwa hadi linafungwa. Kukaa kulikatazwa. Kuegemea kulikatazwa pia. Kila pembe ilikuwa na kamera, na msimamizi wao, Bwana Arumugam, alikaa ofisini akitazama picha za kamera hizo. Akimwona mtu ameegemea ukuta, alisema kwenye kipaza sauti, duka zima likasikia: "Dada wa pamba, ghorofa ya pili, ukuta hauanguki, uache." Wateja walicheka. Mama alituigia sauti hiyo nyumbani, nasi tukacheka, kisha akakaa sakafuni na kuinua miguu ukutani.

Tuliishi katika safu ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja, na bomba letu lilikuwa moja. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Kanthimathi, ambaye alifanya kazi duka hilohilo, kaunta ya hariri. Nilimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa ndugu. Alikuwa na sauti laini, na watu walisema angeweza kumuuzia sari ya harusi hata bibi aliyeingia kujikinga na mvua. Binti yake Jothi alikuwa rika langu. Tangu tukiwa wadogo tulikula sahani moja na kusukana nywele, na mama zetu waliondoka pamoja kwenda kazini, wakirudi pamoja na maua ya asumini kichwani yaliyokwisha kunyauka.

Kisha ikaja stuli.

Wapagazi wawili waliipandisha ngazi asubuhi moja, stuli ndefu yenye mto mwekundu, ikiwa bado imevikwa nailoni. Wakaiweka nyuma ya kaunta ya hariri, kando ya Kanthimathi. Kaunta ile ilikuwa ya juu, na kutoka kaunta nyingine kilionekana kichwa chake tu, usijue amekaa au amesimama. Hakuna aliyeeleza chochote. Arumugam alisema tu kwamba yeyote asiyehusika asiiguse. Kabla ya chakula cha mchana, ghorofa zote zilikuwa na habari. Jioni ua wetu nao ulikuwa nayo.

Mama alisugua sufuria siku ile mpaka nikadhani itatoboka. "Yeye ana miguu," alisema. "Sisi tuna kwato."

Meharun, aliyeuza nguo za watoto na aliyekuwa akipita kwetu kunywa chai, alisema tungoje, kesho Kanthimathi ataletewa na mto wa kichwa. Walicheka, lakini kicheko chao hakikuwa kizuri. Walijiuliza kwa nini yeye. Anauza sana, sawa, lakini nani huwa anabeba marobota? Nani amefanya kazi pale muda mrefu zaidi? Lazima amenong'ona kwa tajiri, mwenye duka. Lazima amewasema wenzake. Kila jibu walilolipata lilikuwa baya kuliko lililotangulia, na mimi niliyameza yote nikiwa kimya pembeni.

Tangu hapo mama alianza kuondoka mapema, peke yake. Kanthimathi alitoka baadaye, akasimama kidogo mbele ya mlango wetu, kisha akaenda.

Mwanzoni Jothi hakuwa na nia mbaya. Aliniambia tu, kama mtu anayetoa habari njema, "Siku hizi mama yangu anakaa." Alitegemea nifurahi. Sikujibu. Siku ya pili alirudia, na sikujibu tena. Siku ya tatu maneno yake yalikuwa yameota meno: alisema mbele ya wenzetu wa shule kwamba wengine wamepewa viti na wengine wamepewa midomo ya kununa.

Wivu ni kitu cha ajabu. Ulinifundisha kutazama vitu ambavyo sikuwa nikivitazama. Nilianza kutazama miguu ya Kanthimathi akivuka ua. Pete zake zilikuwa zinang'aa bado, na zikigonga jiwe la bombani zilitoa mlio mdogo. Niliuchukia mlio ule. Asubuhi nilichora maua makubwa kuliko kawaida, nikayapeleka mpaka upande wao wa ua, ili Jothi akitoka asipate mahali pa kuchora. Yeye akachora juu ya yangu. Tukaenda hivyo, kila asubuhi mistari yake ikikatiza yangu, mpaka bibi wa chumba cha mwisho akauliza kama siku hizi kuku ndio wanaochora.

Bibi huyohuyo ndiye aliyeona vidole vya mama. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke anayevua pete huku mumewe yuko kwenye barabara kuu na lori, sijui anamtakia nini. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia akijaribu kuzivaa, akisukuma na kuvuta pumzi kwa meno. Hazikuingia.

Mwezi uliofuata afisa kazi alikuja dukani. Mama alinisimulia jioni, Meharun akiwapo, huku akikata vitunguu. Afisa alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Bi Thangam, mwenye miwani na mkoba wa turubai. Alipanda ghorofa zote nne kwa miguu, na tajiri mwenyewe alimfuata nyuma akitabasamu. Aliwauliza wanawake mmoja mmoja kama wanapata mahali pa kukaa wateja wanapokuwa hawapo.

"Nawe ukasemaje?" nilimuuliza mama.

"Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, sisi hatujui, muulize malkia wetu wa hariri, yeye anakaa kutwa."

Meharun alisema naye alijibu hivyohivyo. Na wa mashuka, na wa taulo. Kila mmoja alimwelekeza afisa kwa Kanthimathi, kila mmoja akiwa na ule utamu wa kumchongea mtu. Bi Thangam akaenda kaunta ya hariri, akamkuta Kanthimathi ameketi juu ya stuli, mikono mapajani. Akamuuliza kama hukaa. Kanthimathi alimtazama tajiri, akajibu ndiyo. Tajiri akaongeza kwamba stuli nyingine zimeshaagizwa, fundi ndiye anayechelewa, lakini kama afisa alivyosikia kwa wafanyakazi wenyewe, mambo yameanza vizuri. Bi Thangam akamwambia ahakikishe zinafika, akaondoka.

"Uliona uso wake?" Meharun alisema. "Kama ameketi juu ya msumari."

Walicheka tena. Mimi pia nilicheka, na nilifurahi, ingawa singeweza kukuambia nilifurahia nini. Miguu ya mama ilikuwa mbele yangu pale sakafuni, imejaa kama mikate.

Kabla ya hayo, siku ya sikukuu ya Ganesha, Kanthimathi alikuwa ametuletea bakuli la maandazi ya mvuke yenye sukari guru na nazi, kama kila mwaka. Tuliyala, lakini bakuli halikurudishwa. Lilikaa rafuni wiki nzima na zaidi, maana kulirudisha ni kuongea. Mwishowe mama aliona haya. Aliweka konzi ya sukari ndani, kwa kuwa kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu hata mkiwa mmegombana, akanituma.

Ilikuwa siku ya mapumziko ya Kanthimathi, na Jothi alikuwa masomo ya ziada. Mlango ulikuwa wazi nusu. Niliingia bila kubisha, kama nilivyozoea zamani. Alikuwa amekaa sakafuni, sari imepandishwa hadi magotini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Sijui niseme vipi nilichokiona. Miguu ile ilikuwa imevimba kuliko ya mama. Mishipa ilijiviringisha kwenye vigimbi vyake kama minyoo chini ya ngozi. Na ile pete ya mguu wa kulia, iliyokuwa ikilia juu ya jiwe, nyama ilikuwa imeimeza. Kidole kilikuwa cha zambarau, na pembeni kilianza kuwa cheusi.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Nilibaki nimeshika bakuli. "Mama mdogo," nikasema, "lakini wewe si unakaa?"

"Nikae wapi, mwanangu? Stuli ile imevikwa nailoni mpaka leo. Arumugam kaniambia nikiichana, niondoke nayo na nisirudi. Imewekwa kwa ajili ya watu wa ofisi ya kazi. Wakija, napewa ishara nikae. Wakiondoka, napewa ishara nisimame." Alikoroga maji kwa mguu, uso ukakunjika. "Nasimama kuliko mama yako. Yeye anaweza kujificha kidogo nyuma ya marobota. Mimi kamera iko juu ya kichwa changu, wanachunga kiti."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia yeyote. Akasema kwamba siku ya kwanza aliona aibu kusema kwamba ni mapambo tu. Siku ya pili aliwaona wenzake wakimtazama. "Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunionea wivu, Isakki. Nilidhani ni kitu kitamu. Jothi alifurahi sana. Halafu ikawa siwezi kurudi nyuma. Nikivua pete hizi, ua mzima utajua siku hiyohiyo kwamba sikai."

Nilipokuwa natoka alinishika mkono. "Usimwambie mtu. Hata Jothi. Hasa Jothi."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Jothi bombani, na foleni ya ndoo nyuma yetu. Alikuwa amevaa asumini mpya kwenye msuko. Mama alikuwa amepita hivi punde kuelekea kazini, akichechemea, na wasichana wote walikuwa wamemwona.

"Miguu ya mama yako kama ya yule tembo wa hekaluni," Jothi alisema. "Mwambie ajifunze kuuza. Atapewa kiti naye."

Wasichana walicheka. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, fupi tu. Ningeitoa, ndoo ingemdondoka Jothi, na wale waliokuwa wakinicheka wangemgeukia yeye. Nilikuwa nimengoja siku nyingi kupata kitu kama kile. Nilifungua hata mdomo. Lakini kila nilipotaka kuisema, nilikiona kile kidole, na nikawaza kwamba wakati sisi tunarushiana maneno hapa, kidole kinazidi kuwa cheusi. Ndoo yangu ilijaa ikamwagika, watu wakanipigia kelele nifunge bomba. Nikaibeba nikaenda.

Jioni mama alipokuwa akipaka mafuta ya nazi miguuni, nilimwambia yote. Nilikuwa nimeombwa nisimwambie mtu, na nikamwambia. Sijui kama kuna njia nyingine ningeweza kufuata.

Mama hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo mimi nilipomwambia yule afisa…" alisema. Alichukua uzi na chupa ya mafuta, akavuka ua miguu mitupu, akabisha mlango ambao hakuwa ameugonga tangu stuli ije.

Uzi haukusaidia. Mama aliuzungusha kidoleni, akapaka mafuta, akavuta taratibu, lakini pete haikusogea na Kanthimathi aliuma pindo la sari yake ili asipige yowe. Jothi alikuwa dukani kununua maziwa. Kabla hajarudi, mama alimshika mwenzake mkono wakaenda kwa sonara aliye karibu na hekalu, nami nikawafuata.

Sonara alikuwa mzee mcheshi. Alikitazama kidole, akaacha utani, akatoa mkasi mdogo wenye mdomo kama wa ndege. Pete ilipokatika, ilitoka na ngozi. Kanthimathi alilia, na mama akamwambia alie tu, yeye mwenyewe alilia ya kwake ilipotoka. Kisha mama akafungua fundo la sari yake, akaziweka pete zake mezani kando ya ile iliyokatwa, akaomba zote zipanuliwe.

"Nyinyi wa maduka ya nguo mna nini?" sonara aliuliza. "Tangu mvua zianze sifanyi kazi nyingine ila kupanua pete. Mji huu vijana wanaongezeka kimo, wanawake wa maduka wanaongezeka miguu."

Mama na Kanthimathi walitazamana. Nafikiri ni hapo walipoelewa kwamba si wao wawili tu. Walitoka kwa sonara wakapitia zahanati, kidole kikafungwa bendeji, na daktari akasema wangechelewa siku chache tu kingekatwa. Jothi aliambiwa kwamba mama yake amejikwaa.

Haikuwa rahisi kuwapata wengine wa kwenda nao ofisi ya kazi. Meharun alisema yeye ana watoto, hawezi kucheza na kazi. Wa mashuka alisema Kanthimathi alidanganya mbele ya afisa, sasa anataka nani amwamini? Mama akamwambia kwamba sisi sote tulidanganya, tena kwa furaha. Mwishowe walikwenda wachache siku ya mapumziko yao, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, mama alinichukua nimbebee mwavuli.

Bi Thangam aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakuwagombeza, lakini hakuwabembeleza pia.

"Sheria ya jimbo letu haisemi kiti kwa muuzaji bora," alisema. "Haisemi kiti kwa aliyependwa na tajiri. Inasema kila mfanyakazi wa duka awekewe mahali pa kukaa, apumzike anapopata nafasi. Kila mmoja. Nilipowauliza, mlinionyesha mwenzenu. Hakuna aliyenionyesha miguu yake."

Mama aliinamisha kichwa. Bi Thangam akasema atakuja tena, na hatasema lini.

Kila mwaka kabla ya Dipavali, duka lile huwaruhusu wafanyakazi kuleta watoto wao asubuhi moja kuchagua nguo za sikukuu. Siku hiyo nilikuwa ghorofa ya pili na mama. Jothi alikuwa ng'ambo yangu, kwenye hariri, akijifanya anatazama sketi. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya bombani. Duka lilikuwa limejaa, na sauti ya Arumugam ilikuwa ikishuka kutoka darini kila mara. Ghafla ikakatika. Nikaona mkoba wa turubai ukipanda ngazi.

Arumugam alitoka ofisini akikimbia, na nyuma yake tajiri, akifunga vifungo vya shati. Arumugam alimpa Kanthimathi ishara kwa kiganja, chini, chini. Kanthimathi aliiona. Sote tuliiona. Hakukaa.

Tajiri alitabasamu. "Kanthimathi, binti yangu, mbona umesimama? Keti, keti. Mguu wenyewe una jeraha."

Kanthimathi alikivuta kiti mbele ya kaunta, akakishika kwa mkono mmoja. Niliona vidole vyake vimekunja nailoni. Aliwatazama wenzake kaunta kwa kaunta, akamtazama mama yangu, na mama akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayemwambia mwenzake avuke barabara.

"Sitakaa," Kanthimathi alisema kwa ile sauti yake laini. "Nikikaa leo, tutasimama wote mwaka mzima. Mama afisa, papasa kiti hiki. Ile siku uliyonikuta juu yake ndiyo siku pekee niliyoketi."

Bi Thangam alikipapasa. Nailoni ililia chini ya mkono wake. Akageuka akawauliza wengine, kwa mara ya pili, kama wanapata mahali pa kukaa. Tajiri alikuwa amesimama palepale.

Mama alitoka nyuma ya kaunta. Aliinama, akainua pindo la sari yake kidogo tu, mpaka vifundo vya miguu. Nilitaka kufumba macho kwa aibu, lakini nikaona Meharun naye anainua suruali yake ya shalwari. Kisha wa mashuka. Kisha wa taulo. Wanawake wa ghorofa nzima walisimama wakiwa wameinua mapindo, na chini yake miguu yote ilifanana, imevimba, yenye mishipa, mingi isiyo na pete. Mteja mmoja mzee, aliyekuwa ameketi akioneshwa sari, aliinuka polepole kutoka kwenye kiti chake.

Nilimtazama Jothi. Alikuwa akiitazama bendeji ya mama yake, na sketi ilikuwa imemdondoka.

Tajiri alipewa muda mfupi wa kuleta viti, na onyo lililomfanya atoe kitambaa afute shingo. Alijaribu kumhamishia Kanthimathi ghalani, lakini Bi Thangam alirudi na kumwuliza mbele ya watu kama hamisho hilo lina sababu, na Kanthimathi akarudi kwenye hariri yake. Kabla ya Dipavali stuli zilifika, za plastiki, bila mto, za rangi ya buluu isiyopendeza. Zilikuwa nyuma ya kila kaunta. Wiki ya kwanza wanawake walizikalia kwa woga, nusu nusu, kama wageni. Wiki ya pili Arumugam akakosa la kusema kwenye kipaza sauti, akaanza kupiga nyimbo.

Siku moja mama na Kanthimathi walikuwa wanarudi kutoka kazini pamoja, nami nilikuwa nimewalaki njiani kuwabebea vyombo vya chakula. Meharun naye alikuwapo, akituambia kwamba ile stuli nyekundu sasa imewekwa ofisini kwa Arumugam, na inalia nailoni kila anapojigeuza. Walipomaliza kucheka, mama aliniweka mkono begani.

"Isakki, nilidhani mwenzangu amepewa changu," alisema. "Kumbe changu kilikuwa hakijaletwa, na mimi ndiye niliyempa afisa ushahidi kwamba mambo yote ni mazuri. Tajiri hakuhitaji kutufunga midomo. Wivu wetu ulimsemea. Ukimwona mwenzako ana kitu ambacho wewe huna, usiulize kwa nini yeye. Uliza kwa nini si sote. Na muulize yeye mwenyewe kwanza, maana huenda hata yeye hana."

Kanthimathi alisema angalau sasa hakuna wa kumwonea wivu, na kwa kweli ameanza kuukumbuka kidogo wivu ule. Mama alimsukuma kwa bega.

Mimi na Jothi hatukuombana radhi. Asubuhi moja nilitoka na unga wangu nikakuta amechora nusu ya ua la unga katikati ya uwanja, akaacha nusu nyingine. Nikachuchumaa nikaimalizia. Tangu hapo tulichora hivyo mpaka walipohamia mtaa mwingine. Tuliongea mambo yote isipokuwa hayo.

Sasa yuko bweni huko Madurai, na huandika mara chache. Jothi, kuna jambo sikukuambia, hata ulipokuwa kando yangu mikono yetu yote miwili ina unga. Ile stuli niliitaka kwa ajili ya mama yangu, na niliitaka sana. Lakini kila jioni nilipofika nyumbani na mlango wenu umefungwa, sikuwaza kiti. Niliwaza ni nani atanisuka nywele. Nilikuwa nakupenda wakati wote ule.